Frankfurt mpaka Unguja mwezi wa kwanza, KIA nimeipita: uzoefu wangu

Jamani naona wengi wananiuliza ile safari ya Januari ilikuwaje, hasa wenye ndugu Ujerumani wanaotaka kukimbilia Zanzibar baridi ikiwabana, sasa ngoja niandike mara moja tu niwe nimemaliza. Mi ni mtu wa Moshi, kule nilikuwa kikazi, na wakati wa kurudi nikasema siendi nyumbani kwanza, napitiliza kisiwani. Tunajuana bana, ukishuka tu KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, likizo imeisha, kuna shangazi Marangu hajasalimiwa, kuna msiba unakusubiri, kuna kikao cha harusi na ahadi yako imeshaandikwa kwenye daftari.

Njia ilikuwa Frankfurt, Addis Ababa, KIA, Unguja. Wakala aliyenikatia tiketi hapa mjini, simtaji, alinihakikishia nikishaondoka Addis nashukia Unguja, hakuna kusimama popote, kumbe ndege inatua KIA kushusha watu ndo inaendelea. Uliza hilo kabla hujalipa.

Frankfurt theluji, usiku, tumeshafunga mikanda na mlango umefungwa halafu ndege haiendi. Yakaja magari yenye mikono mirefu yakaanza kupulizia mabawa dawa iliyochemshwa, ni maji na glikoli, kemikali ya kuyeyusha barafu, dirisha langu likawa rangi ya chungwa, kidogo tena likawa kijani, na ndani kukaingia kaharufu katamu hivi ka sharubati. Mzee wa pembeni yangu akaanza kusali kimyakimya. Kumbe ni kawaida kabisa, barafu hata ikiwa nyembamba inavuruga hewa inayopita kwenye bawa na ndege inakosa nguvu ya kunyanyuka, sasa ile dawa inafanya kazi kwa muda tu, foleni ya kuruka ikiwa ndefu mnapuliziwa upya. Ndo maana nasema tiketi ya Desemba hadi Februari usikubali ya kuunganisha ndege kwa saa moja, chukua hata saa tatu nne ukae eapoti unywe kahawa yako kwa amani.

Usiku mzima hewani, hapo sina la kusema, chakula kilikuwa sawa, usingizi wa kuvizia, miguu ikavimba ndani ya buti. Addis nako asubuhi ni baridi, ule mji uko juu zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo usijidai kuvua koti mapema, mi nilibadilisha chooni muda wa kupanda ndege ukiwa umekaribia. Nguo nyepesi na kandambili weka kwenye begi la mkononi, hili la chini hulioni mpaka mwisho wa safari.

Kutoka Addis omba dirisha upande wa kushoto. Siku ile hakukuwa na wingu, mlima wote ulikuwa wazi, Kibo na Mawenzi, theluji yenyewe imebaki vipande vipande. Tukatua. Wazungu wa kupanda mlima wakashuka na mabuti yao, sisi wa Unguja tukaambiwa tukae tu, mlango ukafunguliwa likaingia lile joto la Hai lenye vumbi, simu ikashika mtandao na meseji za grupu la familia zikaanza kumiminika. Dada wa usafi kafika kwenye kiti changu kaniangalia, "Dada, we si wa hapahapa? Hushuki?" Nikamwambia naenda Unguja. Akacheka, "Haya, karibu nyumbani, na safari njema."

Unguja ni kama lisaa tu kutoka hapo. Pasi nikagongewa hukohuko maana ndo mlango wangu wa kuingilia nchini. Rafiki yangu Mjerumani tuliyekuwa naye ilibidi awe na ile bima ya lazima ya wageni, dola 44, imeanza Oktoba 2024, sisi Watanzania hatulipi. Nilikaa Jambiani. Januari ni kaskazi, upepo upo, bahari ina joto, ila maji yakitoka yanatoka kwelikweli, unatembea mbali mpaka unawakuta kina mama kwenye mashamba yao ya mwani, anayetaka kuogelea muda wote bora aende Nungwi au Kendwa. Hotelini we waambie ni Mtanzania na uombe bei ya mkazi, wengi wanashusha. Saa zinatofautiana mbili tu na Ujerumani kipindi cha baridi, kwa hiyo ule uchovu wa kukesha usiku macho makavu haupo, kesho yake tu nilikuwa mzima.

Kwangu mimi inalipa, na ningeikata tena hivyohivyo ila sio kwa wakala yule. Kurudi nilipanda kindege kidogo cha Kisongo, uwanja wa Arusha, hapo angalieni, wanaruhusu kilo 15 na begi liwe laini, na lile koti la Ujerumani peke yake lilikula sehemu nzuri ya hizo kilo ikabidi nilivae nikiwa natoka jasho mbele ya watu. Mwenye mizigo mingi apande boti mpaka Dar halafu basi la asubuhi, ni siku nzima barabarani lakini hakuna anayekupimia koti.