Casio fx-991ES PLUS kwenye vipeo vya sehemu: inafaa au mbwembwe tu?

Wadau, shule zikikaribia kufunguliwa lazima niulizwe kama hii kalkuleta ina thamani ya hela yake au mtu amchukulie dogo fx-82 ya bei chee yaishe. Inategemea anasoma nini. Kama ni kuzidisha na sin cos tan, fx-82 inatosha kabisa, asikudanganye mtu. Mi naiongelea 991 kwa yale maswali yanayowatoa watoto jasho, milinganyo ambayo x imebebeshwa kipeo cha sehemu, mfano x^(2/3) = 4.

Kwanza kioo chake kinaonyesha sehemu kama ilivyo kwenye daftari, ya juu juu ya chini chini, na kipeo kimekaa mahali pake. Inasaidia sana, maana kwenye zile za mstari mmoja ukisahau mabano tu x^2/3 inageuka kuwa x mraba gawanya kwa 3 na hapo unafanya swali la watu wengine.

Sasa SOLVE, ile ya kutatua mlinganyo (SHIFT halafu CALC). Unaandika mlinganyo wote, alama ya sawasawa ni ALPHA na CALC, unaipa namba ya kuanzia, inahangaika kidogo inaleta jibu na chini yake L-R (upande wa kushoto toa wa kulia), ikiwa sifuri ujue pande mbili zimelingana. Ila kuwa macho, inaleta jibu moja tu kwa mpigo, lile ililofikia kutokea pale ulipoianzishia. Na x^(2/3) = 4 ina majibu mawili, 8 na -8, kwa sababu ile 2 ya juu ni mraba na mraba unameza hasi. Ukipata 8 ukafunga daftari umejinyima maksi. La hasi unalitafuta kwa kuanzia na namba hasi, na kujua kwamba lipo ni kazi ya kichwa chako, mashine haikwambii.

Mi naipendea zaidi CALC, ile inayokokotoa ulichoandika kwa namba ya X unayoipa, kwa kunasa majibu feki. Chukua x^(1/2) = x - 6. Kwa mkono unapiga mraba pande zote unapata x² - 13x + 36 = 0, majibu 4 na 9, mtoto anapiga mstari anasonga mbele huyooo. Andika X^(1/2) - (X - 6), bonyeza CALC, weka 9 inakuja 0, weka 4 inakuja 4. Kwa hiyo 4 nje.

Zile ndefu kama x^(2/3) - 5x^(1/3) + 6 = 0 achana na SOLVE, ita x^(1/3) u, nenda MODE 5 kisha 3 (milinganyo ya kipeo cha pili), jaza 1, -5, 6, inakupa 3 na 2 zote, piga kipeo cha tatu: 27 na 8. Dakika haiishi.

Kuna 991EX iliyotoka baada yake, yenye QR (msimbo wa kuskani kwa simu), nzuri, ila kwa kazi hii sioni sababu ya kuongeza hela. Muulizeni mwalimu kwanza mtihani unaruhusu ipi.

Na feki zimejaa sokoni, boksi lilelile nembo ileile. Usilipe kabla hujaiwasha palepale dukani ukaandika (-8)^(2/3) na mabano yake yote, inatakiwa ije 4, ikileta Math ERROR mrudishie muuzaji mzigo wake.