Ofisi ya vibali vya Kanada hapa Dodoma: nimeomba kuona karatasi, naambiwa dereva sitaelewa

Kama uko Dodoma na una mpango wa kuwapelekea hela hawa watu wanaoshughulikia vibali vya kazi vya Kanada kwa madereva wa malori, soma hapa kwanza. Jina la ofisi silitaji. Ipo mjini kati, ghorofani.

Mimi naendesha semi, njia yangu Dar kwenda Rusumo, mara mojamoja Kabanga, nyumbani Kizota. Sina ugomvi na ada, kazi ya mtu lazima ilipwe, na mwanzoni walinipokea vizuri mpaka nikawasifia kwa wenzangu. Kuna dada wa kompyuta pale, mpole sana, alikaa na mimi akaniuliza nimebeba mizigo gani, gari gani, mipaka gani, akaniandikia CV ambayo hata mimi nilivyoisoma nilijiona mtu. Yule dada kazi yake safi, sitaki hasira zangu zimguse.

Shida ni bosi wao.

Nilipigiwa simu niko njiani natokea Singida, naambiwa mzee hongera kibali chako kimetoka, lete hela ya kumalizia, kuna ada ya LMIA inatakiwa haraka mwajiri asije akachukua mtu mwingine. Kwa asiyejua, LMIA ni barua ambayo mwajiri wa kule anaiomba serikalini kwao kuonyesha kwamba dereva wa palepale amemkosa, ndo maana anataka wa nje. Nikapaki pembeni nikampigia mke wangu. Hela iliyokuwepo ndani ilikuwa yake, ya zabibu za Hombolo, alikuwa na mipango nayo, akanitumia bila kuuliza kitu. Nilivyofika Dodoma sikwenda hata kuoga, nikapanda ofisini moja kwa moja, nikamwambia bosi, kaka hela ninayo, naomba nione hiyo LMIA.

Akacheka. Mtu mdogo kwangu kwa umri, shikamoo hajatoa, kaegemea kiti, na kwenye benchi kuna watu wanasubiri zamu yao wanasikia, anasema: "We mzee we endesha gari, makaratasi tuachie sisi tuliosoma, utaelewa nini pale?"

Jamani. Dereva wa transit ndo wa kuambiwa haelewi karatasi? Mimi nikitoka bandarini nina T1, ile karatasi ya forodha ya mzigo unaopita kwenda nchi nyingine, nina manifesti, nina yelo kadi ya bima, kadi ya homa ya manjano, pasipoti, slipu za mizani kuanzia Vigwaza, Nala, Njuki na kuendelea, na namba ya sili kwenye gari lazima ifanane na ile ya kwenye karatasi, tarakimu moja ikipishana umelala Rusumo, mzigo umelala, tajiri anapiga simu kila saa na anayejibu ni dereva, ejenti wa klearingi yuko Dar kwake. Nimeona wenzangu wamekaa mpakani wanaishi kwa chai na mkate kwa sababu jina la mwenye mzigo limekosewa herufi moja. Karatasi naijua kwa kuteseka nayo. Na karatasi isiyo na namba wala jina la aliyeitoa, kwangu mimi hiyo haipo.

Na sikuuliza kwa ujuaji. Kibali cha kazi cha Kanada anayekiomba ni dereva mwenyewe, na kwenye maombi unaambatanisha nakala ya LMIA pamoja na barua ya ajira kutoka kwa mwajiri. LMIA yenyewe sio kibali, ni hatua ya kabla ya kibali. Sasa kama imetoka nisipoiona nitaambatanisha nini? Na kibali "kimetoka" vipi wakati hata alama za vidole sijapiga? Nilimuuliza hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaniambia kama siwaamini nitafute ofisi nyingine, wateja wapo wengi. Nikarudisha hela mfukoni nikashuka ngazi, ila ile ya kufungulia faili walikuwa wameshaila.

Safari iliyofuata nikapaki Nyakanazi na dereva mmoja Mkenya ambaye ndugu yake alipitia njia hiyohiyo ya Kanada. Nikamsimulia, akauliza swali moja tu, hiyo ada ya LMIA wanakudai wewe? Akanielekeza tovuti ya serikali ya Kanada nikasoma mwenyewe usiku ule kwenye simu. Ada ya LMIA ni dola 1,000 za kule kwa kila nafasi, analipa mwajiri, na hairuhusiwi kumbebesha mfanyakazi. Dereva anachotakiwa kulipa serikalini ni ada ya kuomba kibali, dola 155, na alama za vidole dola 85. Nilirudia kusoma maana sikuamini. Yaani ile hela ya zabibu, ile aliyokuwa ananiharakisha nayo barabarani, haikuwa deni langu kabisa!

Halafu nikakumbuka na lingine. Waliniambia leseni yangu ya daraja E inatosha, ukishuka ndege unashika usukani. Si kweli. Kule leseni inatolewa na kila jimbo, Ontario lori kama langu wanaita AZ, Alberta na British Columbia ni Class 1, na mtihani unafanya kulekule. Saskatchewan walifanya mafunzo kuwa ya lazima mwaka 2019, baada ya ile ajali ya Aprili 2018 ambapo lori halikusimama kwenye alama ya kusimama, likagongana na basi la vijana wa timu ya hoki na watu 16 wakafa. Yule dereva wa lori alikuwa mgeni kwenye kazi. Nilivyosoma ile habari nilikaa kimya muda mrefu kwenye kebini. Barafu mimi sijawahi kuendesha, nataka nifundishwe, na mtu anayeniambia haina haja hajali nitaua nani huko.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema ofisi ni nzuri ila bosi hana adabu. Hata sasa siwezi kusema moja kwa moja kwamba ni matapeli, inawezekana mwajiri yupo kweli na barua ipo kweli, na yule dada wa CV hakunifanyia maigizo. Lakini hapana. Barua ingekuwepo angeigeuza tu kompyuta nikaiona, ni kitendo cha nusu dakika. Mtu hakutukani mbele za watu kwa ajili ya kitu alichonacho mezani. Na mbaya zaidi kwenye lile benchi nilimwacha kijana wa watu, utingo aliyepata leseni juzijuzi, amekuja na baba yake, na mzee ana bahasha mkononi. Najua ndani ya ile bahasha kuna nini.

Mpaka sasa barua zangu mbili za utumishi, orijino zenye mhuri wa mabosi wangu wa zamani, bado wanazo. Nikipiga simu naambiwa bosi katoka, nikituma meseji zinasomwa hazijibiwi. Nikirudi kutoka safari hii napanda tena pale kuzifuata na siendi peke yangu. Hela ya faili nayo naitaka. Aliyewahi kurudishiwa na ofisi za namna hii anielekeze alianzia polisi au alikwenda wizarani Mtumba, na wanataka uende na vielelezo gani, maana risiti ninayo na namba ya simu ya yule bosi ninayo.