Down House, nyumbani kwa Charles Darwin: uzoefu wangu, na kwa nini bustani ndio ya kuanza nayo

Wadau mlioko huku Uingereza au mnaokuja kutembea, kila likizo mnauliza sehemu ya kwenda na watoto ambayo sio katikati ya London tena na tena, basi mi nawaambia Down House, nyumba aliyoishi Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya evolusheni, miaka 40, toka 1842 mpaka alipofariki Aprili 1882. Iko kijiji cha Downe, upande wa Bromley, yaani kwenye ramani bado ni London ila ukishuka unaona mashamba tu na ndege wanalia. Wanaoitunza ni English Heritage. Nilienda na kijana wangu anayesoma sekondari, ndio kwanza wamemaliza topiki ya evolusheni darasani, yaani jinsi viumbe vinavyobadilika vizazi kwa vizazi, na nilitaka aone kwamba ile nadharia haikushuka kwenye kitabu ikiwa imeshakamilika, kuna mtu aliishughulikia nyumbani kwake, kwa mikono, miaka na miaka.

Nyumba yenyewe nzuri, vyumba vya chini vimepangwa kama enzi zao. Chumba kilichonishika ni ofisi yake. Kiti chake kirefu kina magurudumu, alikuwa anaweka ubao juu ya mikono ya kiti anaandikia hapo hapo, akihitaji kitu anajisukuma na kiti chake. Pembeni kuna sehemu ya kujisitiri maana alikuwa anaumwa tumbo na kutapika karibu maisha yake yote ya utu uzima, kuna siku alikuwa anafanya kazi masaa machache tu basi. Halafu watu wanafikiri alizunguka dunia mpaka uzeeni, hapana jamani, ile meli ya Beagle ilikuwa ya ujanani, Desemba 1831 mpaka Oktoba 1836, akarudi na hakutoka tena nje ya Uingereza. Miaka 8 mizima aliitumia kuchunguza vile vidude vya baharini vinavyoganda chini ya mashua, humo ndani. Juu kwenye maonyesho kuna mambo ya meli, mwanangu alikaa huko muda, mi nikashuka mapema.

Sasa bustani, hapo ndipo penyewe. Kuna jambo alilifanya kwenye bustani hiyo ambalo kwangu linaeleza uteuzi asilia kuliko mchoro wowote wa shuleni. Alichukua kipande cha ardhi futi 3 kwa futi 2, akakilima, akakisafisha, asipande kitu, akawa anaweka alama kila gugu linalochipua lenyewe. Yalichipua 357. Kati ya hayo 295 yalikufa, mengi yakiliwa na wadudu na wale konokono wasio na gamba. Piga picha mzee wa watu ameinama kila siku anahesabu magugu yaliyokufa! Lakini ndio nadharia yenyewe hiyo, wanaozaliwa ni wengi mno kuliko wanaoweza kuishi, na kwa kuwa hawafanani kabisa kabisa basi mwenye kanafasi kidogo zaidi ya mwenzake, labda jani gumu zaidi au kachipua siku nzuri, ndiye anabaki na kuzaa na kurithisha, rudia hivyo vizazi maelfu kwa maelfu unapata kiumbe kingine. Nilimweleza kijana tukiwa tumesimama kwenye majani hapo nje, na akaniuliza mwenyewe, "Kwa hiyo baba hakuna anayechagua?" Hakuna. Nikajua ameelewa.

Jaribio jingine, aliloweka mbegu kwenye chupa za maji ya chumvi aone kama zinaweza kuvuka bahari na kuota kisiwani, aina 87, na baada ya siku 28 aina 64 ziliota. Rafiki yake Hooker, mtaalamu wa mimea, alidhani mbegu zitakufa haraka, na watoto wa Darwin wakawa wanamuuliza baba yao kama atamshinda Dokta Hooker. Nyumba nzima ilikuwa kwenye utafiti. Na nyungunyungu je? Aliwaweka kwenye vyungu vya udongo, mwanae akawapigia basuni, ala ya kupuliza, kwa nguvu, hawakushtuka, lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na noti ikapigwa walijificha mara moja shimoni, ndio akajua hawasikii ila mtikisiko wanaupata. Kitabu chake cha nyungunyungu kilitoka 1881, miezi michache kabla hajafa. Tafuteni jiwe la duara kwenye majani, lilikuwa la kupimia jinsi nyungunyungu wanavyolizamisha kwa kutoa udongo chini na kuuleta juu, milimita kama 2 tu kwa mwaka. Grinihausi nayo ina okidi na mimea inayokula wadudu, usiipite.

Mwisho wa bustani kuna Sandwalk, njia ya changarawe kwenye miti aliyokuwa anaizunguka kila siku akifikiri, anapanga vijiwe mwanzoni na kila mzunguko anasukuma kimoja kwa mguu ili asipoteze hesabu wala asikatishe mawazo. Sisi tuliizunguka taratibu na hapo ndio nikamsimulia kijana habari ya Juni 1858. Darwin alikuwa na wazo lake miaka 20 hajalichapisha, akapokea barua toka kwa Alfred Russel Wallace, mwanasayansi aliyekuwa anakusanya wadudu na ndege visiwa vya huko Indonesia ya leo, na ndani ya barua ni wazo lilelile. Maandishi yao wote wawili yakasomwa pamoja London Julai 1, 1858, Wallace akiwa mbali huko na Darwin hayupo ukumbini, maana katoto kake ka mwisho kalikuwa kamefariki siku chache tu nyuma kwa homa. Kitabu cha Darwin chenye nadharia hiyo, On the Origin of Species, kikatoka Novemba 1859, chapa ya kwanza nakala 1,250, na zilizoingia sokoni wauza vitabu wakazibeba zote. Wallace naomba msimsahau, mashuleni anatajwa mstari mmoja na hiyo haki haijatendeka.

Na kwa sisi tunaotoka Tanzania kuna la ziada. Ile kauli ya "tumetokana na nyani" unayoisikia kila kijiwe, Darwin hakusema tumetokana na hawa nyani wa porini leo, alisema tuna mababu wa pamoja nao, na mwaka 1871 akaandika kwamba inaelekea mababu wa mwanzo wa binadamu waliishi Afrika, kipindi hicho hakuna fuvu hata moja la kale lililopatikana kwetu. Miaka 100 baada ya kile kitabu cha 1859, Julai 1959, mtafiti Mary Leakey akalipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, pale Olduvai, halafu zikaja nyayo za kale za Laetoli, zote kwetu Tanzania. Niliguswa sana kusimama pale nikijua ushahidi ulikuwa umelala kwetu.

Mambo ya safari: tiketi kata mtandaoni kabla, bei ni nafuu kuliko mlangoni. Sisi tulipanda treni mpaka Bromley South halafu basi 146, haliji mara kwa mara kwa hiyo angalia ratiba ya kurudi kabla hujaingia. Vaa viatu vya kukanyaga tope, nenda miezi ya joto mimea imechangamka, na tenga nusu siku. Anza na bustani ndio uingie ndani, sio kinyume. Nyumba naipa nyota 4, bustani 5 bila ubishi. Pita na kanisani pale kijijini, mkewe Emma na watoto wao wawili wamezikwa hapo, ila kaburi la Darwin mwenyewe usilitafute Downe, yeye yuko Westminster Abbey, lile kanisa kubwa la katikati ya London.