Nilipeleka laptopu yenye Linux Mint, nikarudishiwa Windows ya wizi

Nilipeleka laptopu ibadilishwe kibodi. Kibodi tu. Herufi ya "a" ilikuwa imegoma, na mimi ni katibu wa chama; jaribu wewe kuandika kumbukumbu za mkutano bila "a". Kibanda kiko Luthuli Avenue, ghorofani, jina sitalitaja. Jioni nikaenda kuichukua, nikaiwasha palepale mezani, na badala ya Mint yangu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, ikanijia Windows 11, kwenye kona ya chini kulia maandishi ya kijivujivu yakinitaka niiwezeshe kwa leseni.

Nikauliza, hii ni nini? Kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, haikuwa na Windows. Nimekuwekea. Hiyo ni elfu moja mia tano, kando na ya kibodi." Nikamwambia ilikuwa na Linux. "Hiyo ni ya mahaka wa kompyuta, ingekusumbua tu." Mwenzake akacheka. Kumbukumbu za mikutano, hesabu za michango, picha za harusi ya mdogo wangu, vyote vilikuwa kwenye diski hiyo hiyo aliyoifuta bila kunipigia simu, na namba yangu ameiandika kwa mkono wake kwenye risiti!

Kuhusu maandishi yale ya kijivu, akatoa flashi akasema atayaondoa, ila kwanza lazima azime kinga ya virusi. Nikamnyang'anya laptopu.

Sasa niizungumzie Mint, maana mwanzoni nilitaka kuisifu. Laptopu yangu ni ex-UK, mtumba wa Uingereza, na prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha saba. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za aina hii. Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue nyingine. Mpwa wangu akaja na Mint kwenye flashi, bure, hata leseni ya kununua hakuna. Menyu iko chini kushoto, mkono ulipozoea. Waifai haikuonekana siku ya kwanza: tukachomeka simu kwa kebo ya USB ili kompyuta ipate bando, tukafungua sehemu ya madereva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta, ikaitambua kadi ya waifai yenyewe, tukaweka tiki na kuiwasha upya. Basi. Printa ya nyumbani ilikubali bila CD ya programu. Masasisho yanangoja mpaka niyaruhusu, hayanizimii mashine katikati ya barua. Ningeipa nyota tano.

Ila nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani nilizipunguza. Mfumo mzuri wa nini kama mjini huwezi kubadilisha kibodi bila fundi kudhani kompyuta yako ni mgonjwa? Mwenye Windows akiacha mashine dukani anaikuta na Windows. Mimi nilionewa huruma, nikafutiwa, kisha nikalipishwa hiyo huruma. Na kusema kweli, jedwali la mweka hazina wetu, ambalo LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, huwa inalivuruga safu zikapandana, kwenye Windows ile ya wizi lilifunguka limenyooka. Iliniuma kuliko kile kicheko.

Lakini ngoja. Yule kijana aliruka ukaguzi ambao Windows 11 hufanya wakati wa kuiweka, kuona kama mashine inatimiza masharti yake, na Microsoft wenyewe wameandika kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Kwa hiyo nilitolewa kwenye mfumo halali unaosasishwa, nikatiwa kwenye usio na leseni, usio na uhakika wa masasisho, na kinga ya virusi akitaka kuizima. Eti mimi ndiye ningesumbuka.

Mpwa amerudisha Mint. Safari hii, wakati wa kuiweka, tulichagua diski ifungwe kwa nenosiri. Haitamzuia mtu kuifuta, najua, lakini hatazipekua picha zangu. Kumbukumbu kadhaa nimezipata kwenye barua pepe za wanachama, picha hapana. Nyota ngapi? Mint yenyewe nne, kwa sababu ya jedwali. Fundi hata nusu hapati, ingawa kibodi, wacha niseme, ameiweka vizuri.

Amenirudishia mia tano kwa M-Pesa bila neno la pole. Elfu moja bado namdai, na Jumamosi nitakuwa mlangoni kwake kabla hajafungua.