Mita ya Njano, Mizani ya Mfukoni na Boksi Langu la Majaribio: Uzoefu Wangu Hapa Tanga

Najua wengi wetu tunasoma mistari miwili kisha tunakwenda zetu, kwa hiyo hukumu naitoa mapema. Ile mita ndogo ya njano ya kupimia umeme, DT-830D, nunua. Mizani ya kidijitali ya mfukoni nunua pia, ila ujue pa kuiweka. Karatasi za kupimia asidi ziache dukani. Na bomba la sindano la famasi, lile linalouzwa bila sindano yake, chukua mawili.

Mimi si fundi wala mwalimu wa sayansi. Kazi yangu ni ya karatasi na mihuri, na jioni nikirudi nyumbani Chumbageni ndipo ninapofungua boksi langu la majaribio. Watoto wa dada yangu wakiwapo, boksi linafunguliwa kabla sijavua viatu. Vifaa vyenyewe navinunua kwa pesa ya mboga, ndiyo maana vile vya laki mbili sivizungumzii hapa.

Mita niliipata Ngamiani, kwenye duka la vipuri vya redio na simu, kwa shilingi elfu kumi na mbili baada ya kupatana. Muuzaji alijaribu kunivuta kwenye ile kubwa. "Dada, hii ya wanafunzi hii. Fundi akikuona nayo atakucheka." Nikamwambia mwache acheke, wewe nifungie. Ila kabla sijalipa nilimwomba atie betri, tugusanishe zile ncha mbili tusikie kama inalia. Usiruke hatua hiyo. Kuna nyingine, DT-830B, rangi ileile na umbo lilelile, lakini hiyo hailii. Kutafuta waya uliokatika kwa mita isiyolia ni adhabu: mikono iko kwenye waya, macho yako kwenye kioo, na shingo haijui ielekee wapi.

Kioo chake kinaishia 1999. Ukiiweka kwenye kipimo cha volti 20 unaona hadi sehemu ya mia ya volti, na kwa mambo ya nyumbani hiyo inatosha na kubaki. Jirani yangu anatengeneza bodaboda na ana mita ya maana. Tulipima betri moja kwa zote mbili, yake ikasema 12.63, yangu 12.58. Tofauti hiyo hainikoseshi usingizi. Kinachotaka uangalifu ni betri ya mita yenyewe, ile ya volti 9. Ikichoka, mita hizi huanza kusoma juu, kwa sababu kila zinachopima zinakilinganisha na volti ndogo ya ndani inayotoka kwenye betri hiyohiyo. Hiyo ya ndani ikishuka, vingine vyote vinaonekana vimepanda. Kwa hiyo ukipima betri ya saa ya ukutani ukaona 1.9, usishangilie. Badilisha kwanza ya mita.

Nyaya zake za kupimia ndizo waja leo, waondoka leo. Plastiki yake ngumu, nyuzi za shaba ndani ni za kuhesabu, na pale waya unapoingia kwenye mpini hakuna cha kuushika. Wa kwangu mwekundu ulichomoka nikiwa napima betri ya pikipiki, nikabaki na mpini mtupu mkononi na waya ukining'inia. Nikanunua nyingine za mpira laini wa silikoni, bei yake karibu nusu ya mita nzima, na sijutii hata senti.

Sasa hapa naomba tuelewane. Usoni mwa mita pameandikwa 1000V upande wa umeme wa betri na 750V upande wa umeme wa nyumbani. Mimi hayo maandishi siyaamini, na kwenye soketi siichomeki. Nimeifungua nyuma, ni skrubu mbili tu. Ndani kuna ubao mmoja mwembamba, doa jeusi la gundi lililofunika saketi kuu, rezista chache ndogo, na kutoka tundu la 10A, lile la kupimia mkondo mkubwa wa umeme (ampea), kunapita kipande cha waya nene kilichopindwa kama pini ya nywele. Basi. Pembeni ya tundu hilo pameandikwa kabisa, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, kwamba halina fyuzi. Fikiria mtu amepima ampea jana, amesahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A, leo anataka kujua kama soketi ina umeme. Anachochomeka ukutani si mita tena, ni kipande cha waya kinachounganisha waya wa moto, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha, kwenye umeme wa volti 230, na vidole vyake viko sentimita chache kutoka hapo. Mita haisomi kitu. Inapasuka. Wenye watoto, lizibeni tundu hilo kwa gundi au tepu siku mnayoinunua. Kwangu limezibwa, na kama ni umeme wa TANESCO namwita mwenye kazi yake.

Kwa mambo ya betri na sola, hata hivyo, burudani yake haiishi. Jaribio linalopendwa nyumbani kwetu ni la limau: msumari wa bati upande mmoja, kwa kuwa umepakwa zinki, na waya wa shaba uliomenywa upande wa pili. Mita inaonyesha karibu volti 0.9. Watoto walitaka kujua kama chungwa la Muheza lina nguvu kuliko ndimu, tukapanga mezani limau, ndimu, chungwa, na ukwaju uliolowekwa. Zote zikasoma karibu sawa, na ubishi ukawa mkubwa maana kila mmoja alikuwa na tunda lake. Volti inaamuliwa na metali mbili ulizochomeka. Tunda ni njia tu, na kinacholiwa taratibu ni ile zinki ya msumari. Ukihamishia mita kwenye miliampea, yaani kupima mkondo badala ya volti, ndipo tofauti zinapojitokeza, na hapo hata kuchomeka msumari karibu zaidi na waya kunabadilisha namba. Malimau manne yaliyoungwa kwa waya moja baada ya jingine yaliwasha kitaa chekundu cha LED, hafifu, tukalazimika kufunga mapazia tukione. Malimau hayo msiyale baadaye.

Nina pia paneli ndogo ya sola juu ya bati. Hapo mita ilinifundisha jambo ambalo muuzaji wa paneli hakulisema: saa tatu asubuhi volti yake ikiwa haijafungwa kitu ni kubwa kuliko saa saba mchana. Silikoni ikipata joto volti hushuka, na bati la Tanga mwezi wa pili si mahali pa kupoa. Niliinyanyua paneli kwa vipande vya mbao ili upepo upite chini, namba ikapanda kidogo.

Mizani. Ni ile ya gramu 200 inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ndogo kama simu. Jiwe la kuihakiki halikuja nalo, kwa hiyo natumia bomba la sindano. Mililita 10 za maji safi zina uzito wa gramu 10 hivi, pungufu kidogo sana kwa joto letu. Yangu husoma 9.9 na ushei, nami naridhika. Tatizo lake ni upepo. Kusi ikivuma, namba zinacheza hata dirisha likiwa limefungwa nusu, na feni ndiyo usiseme. Dawa ni kuitumbukiza ndani ya ndoo kubwa ya plastiki iliyolazwa ubavu. Kwa njia hiyo tulichemsha mililita 100 za maji ya bahari ya Raskazone hadi yakakauka, tukapima chumvi iliyobaki, ikakaribia gramu nne. Vitabu vinasema bahari ina gramu 35 hivi kwa kilo, yaani tatu na nusu kwa kiasi chetu. Ziada ni unyevu, chumvi ya bahari haikauki kirahisi jikoni.

Karatasi za asidi nilizoagiza zilifika zimeshavuta unyevu, rangi zimefifia, na chati yake inatofautiana na kilichomo. Choya kavu ya sokoni inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chemsha kiganja kimoja, chuja, gawa kwenye glasi. Ukitia limau au siki inakuwa nyekundu ya kung'aa, ukitia magadi inageuka kuelekea kijani. Haikupi namba, lakini watoto hawataki namba, wanataka kuona rangi ikigeuka mbele ya macho yao. Na inayobaki, kabla haijatiwa magadi, unatia sukari na tangawizi unakunywa.

Mwisho ni utunzaji, maana hewa yetu ina chumvi na haimhurumii mtu. Kitufe cha kuzungusha cha mita hupata kutu kwenye vigusio vyake na namba zikaanza kurukaruka. Ukikizungusha huku na huku mara kadhaa hutulia. Naviweka vyote kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mgumu, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mita hii haijizimi yenyewe, kwa hiyo irudishe kwenye OFF kila umalizapo, na kama hutaigusa wiki kadhaa itoe betri kabisa. Ikivujia ndani inakula vile vishikio vyake, na kwa mita ya elfu kumi na mbili hakuna fundi Ngamiani atakayekubali hata kuifungua.