Semina ya Nabii Eliya Jijini Dodoma: Ukame Ulifundishwa Vizuri, Shamba la Nabothi Likarukwa

Kwa Jumamosi sita mfululizo, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, nilihudhuria semina ya maisha ya nabii Eliya iliyoandaliwa na kanisa moja la pembezoni mwa jiji la Dodoma. Ada ilikuwa shilingi 15,000, na ndani yake mlikuwa na kijitabu cha kurasa 48 pamoja na chai na maandazi mawili kwa kila kikao. Naandika tathmini hii kwa sababu duru ya pili imekwisha kutangazwa, na majirani kadhaa wameniuliza kama fedha hiyo inalingana na kinachotolewa. Kwa maoni yangu inalingana, na vikao vitatu vya kwanza peke yake vingestahili ada hiyo. Lakini anayejiandikisha ajue kwamba liko pengo moja, kisa cha shamba la mizabibu la Nabothi, ambalo, kwangu mimi niliyerithi kwa baba ekari moja ya mizabibu upande wa Mpunguzi, si dogo hata kidogo.

Nianze na kilichofanyika vizuri. Mwalimu hakuanza na moto wa Karmeli, mlima ambako Eliya alishindana na manabii wa Baali, kama wahubiri wengi wanavyofanya, bali alianza na mvua. Alieleza kwamba Eliya Mtishbi, mtu wa Gileadi ng'ambo ya Yordani, anajitokeza katika Wafalme wa Kwanza sura ya 17 bila utangulizi wowote, mbele ya Ahabu mwana wa Omri, mfalme wa Israeli ya kaskazini katika karne ya 9 kabla ya Kristo, na kumwambia kwamba hakutakuwa na umande wala mvua ila kwa neno lake. Ahabu alikuwa amemwoa Yezebeli, binti wa mfalme wa Wasidoni, na ibada ya Baali ilikuwa imepata hekalu mjini Samaria. Baali aliaminiwa kuwa bwana wa dhoruba na mvua, mwenye kuirutubisha ardhi. Kwa hiyo ukame ule haukuwa adhabu iliyookotwa tu miongoni mwa adhabu nyingine; ulikuwa ni kumfuata Baali shambani kwake mwenyewe na kumdai kazi aliyosifiwa nayo.

Hoja hiyo hueleweka haraka mahali kama hapa kwetu, penye msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Mwalimu aliuliza ni nani amewahi kupanda uwele mwezi wa kumi na mbili, mvua ikakatika Januari, akalazimika kurudia mbegu. Ukumbi mzima ulinyoosha mikono. Mzee mmoja alitaja njaa ya Mtunya, ile iliyoiangamiza Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, aliyosimuliwa na bibi yake, akaongeza kwamba wazee hawakuilaumu mbingu peke yake, kwa kuwa majeshi ya vita vya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamekwisha chukua ng'ombe na nafaka kabla jua halijafanya kazi yake. Mwalimu aliidaka hoja hiyo papo hapo. Alitufungulia sura ya 18, mahali ambapo Ahabu, katikati ya njaa, anazunguka nchi nzima kutafuta majani ya farasi na nyumbu wake, ilhali katika ukame huohuo, nchini Sidoni, mjane wa Sarepta alikuwa ameokota vijiti viwili apike mkate wa mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe. Sijawahi kusikia sura hizo mbili zikiwekwa pamoja namna ile, na kwa kipande hicho peke yake ninamshukuru.

Kikao cha Sarepta kilikuwa bora kuliko vyote. Mwalimu alikumbusha kwamba mji huo ulikuwa katika nchi ya Sidoni, yaani nyumbani kwa Yezebeli na kwa mungu wake, na kwamba ni huko hasa ambako pipa la unga halikupungua. Bibi mmoja aliyekuwa akitafsiriwa na mjukuu wake kwa Kigogo aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa tumelifumbia macho: mwanamke anaambiwa ampikie mgeni kwanza, mwanawe baadaye, je, mwalimu angekubali? Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi, mwanangu akiwa analia njaa, sijui." Mtoa semina anayeweza kusema "sijui" mbele ya watu sitini waliolipa ada ni mtu wa kutegemewa.

Alimpa nafasi nzuri pia Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, ambaye kwa kawaida hupitwa mbio. Huyu alikuwa akila mshahara wa ikulu huku akiwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, na kuwalisha mkate na maji. Katika jiji lililojaa watumishi wa umma tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, mazungumzo juu ya Obadia yaliendelea hata wakati wa chai. Je, alikuwa mwoga, au alikuwa jasiri kwa namna isiyoonekana? Mwalimu hakulazimisha jibu, nami nadhani alifanya busara.

Karmeli ilichukua kikao kizima na nusu ya kingine. Nilipenda jinsi alivyosimama kwenye maji. Eliya aliagiza mapipa manne yamiminwe juu ya sadaka na kuni, mara tatu, hata handaki likajaa, na hayo yalikuwa mapipa kumi na mawili ya maji katika mwaka wa ukame. Sisi tunaojua foleni ya madumu na bei ya muuza maji wa mkokoteni wakati wa mgao tuliguna kwa pamoja, na kwa mguno ule tulielewa imani ya Eliya kuliko kwa maelezo yoyote. Hata hivyo, kijitabu kina kosa linalopaswa kusahihishwa kabla ya duru ya pili: kinasema kwamba manabii 850 waliuawa katika kijito cha Kishoni. Maandiko yanataja manabii 450 wa Baali na 400 wa Ashera, mungu wa kike, waliokuwa wakila mezani pa Yezebeli, lakini wanaotajwa kukamatwa ni wa Baali. Kijana mmoja alipouliza namna ya kuyaelewa mauaji yenyewe, alijibiwa kwa sentensi moja, tukahamia kwenye wingu dogo kama mkono wa mtu, lile lililoleta mvua.

Lililonikera zaidi ni namna ibada ya sanamu ilivyofafanuliwa. Kikao cha nne kiligeuka orodha ya hirizi, waganga, na matambiko ya mvua ya wazee wetu. Sisemi mambo hayo hayahusu. Katika Ugogo ya zamani mtemi na mvua havikutenganishwa, na msikilizaji wa hapa ana haki ya kuambiwa Eliya anasema nini juu ya jambo hilo. Lakini watu waliokusanyika Karmeli hawakuwa wamemkana Mungu wa baba zao. Walikuwa wakisitasita, mguu mmoja huku na mwingine kule, na walipoulizwa hawakujibu neno. Kosa lao lilikuwa kuweka akiba kwa pande mbili, na mtu anaweza kufanya hivyo bila kuvaa hirizi hata moja. Jirani yangu Mwislamu, niliyemwazima kijitabu, aliniambia kwamba hata Kurani, katika Sura As-Saffat, inamtaja Ilyasi, yaani Eliya, akiwauliza watu wake kwa nini wanamwomba Baali na kumwacha aliye mbora wa waumbaji. Naye aliona, kama mimi, kwamba swali hilo huulizwa watu wanaojua vizuri wanamwacha nani.

Safari ya kwenda Horebu, mlima wa Mungu, ilifundishwa kwa upole. Eliya aliyewashinda manabii 450 anatishiwa na mwanamke mmoja, Yezebeli, anakimbia hadi Beer-sheba, anaketi chini ya mti jangwani na kuomba afe. Mwalimu alituonyesha kwamba malaika hakumkemea, bali alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale tena. Spika, ambayo chini ya paa lile la bati ilikuwa kubwa kupita kiasi katika vikao vyote, siku hiyo ilizimwa, na tukasikia vizuri zaidi.

Kisha, katika kikao cha sita, tukaruka kutoka sura ya 19 hadi Wafalme wa Pili sura ya 2, kwenye gari la moto na vazi lililomwangukia Elisha, mrithi wake. Sura ya 21 haikuguswa, wala kijitabu hakina hata mstari mmoja juu yake. Sura hiyo ndiyo ya shamba la mizabibu la Nabothi.

Naomba msomaji afikirie jambo hili kwa makini. Tuko Dodoma, mkoa ambao mtu akitaja zabibu za Tanzania anautaja wenyewe. Mzabibu si mtama unaopandwa msimu huu hapa na msimu ujao pale. Unauegemeza, unaupogoa na kuungoja, na ukishatulia unakupa mavuno mara mbili kwa mwaka kwa miaka mingi. Mwenye shamba hilo hana anachoweza kuhamisha. Ahabu alimwambia Nabothi ampe shamba lake, lililokuwa kando ya jumba la mfalme huko Yezreeli, alifanye bustani ya mboga, naye angempa shamba bora zaidi au thamani yake kwa fedha. Kwa masikio ya dalali, hiyo ni bei nzuri. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake, na katika torati ardhi ilihesabiwa kuwa ya Mungu, isiuzwe moja kwa moja. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mumewe, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakatangaza mfungo, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe kwa kosa la kumtukana Mungu na mfalme. Kila hatua ilifuata utaratibu, na dini ilitumika kama kifuniko. Eliya anapokutana na Ahabu shambani, hamuulizi juu ya nguzo za Ashera. Anamuuliza kama ameua na kurithi pia.

Hapo ndipo mtu anaelewa Baali alikuwa na kazi gani katika ikulu ile. Mungu anayetoa mvua kwa sadaka tu, bila kuuliza habari za jirani yako, ni mungu anayemfaa mfalme mwenye tamaa ya shamba la mtu. Katika jiji ambalo viwanja, mipaka na hati ni mazungumzo ya kila siku, hata kwenye ngazi za kanisa, kuiruka sura hiyo ni kumwondoa Eliya nusu yake. Nilimuuliza mwalimu baada ya kikao cha mwisho. Alikiri kwamba ratiba ilimshinda, akasema ataangalia kama kinaweza kuongezwa kikao cha saba bila kupandisha ada.

Kwa anayekusudia kwenda: fika saa nane kasoro robo, kwa sababu viti vyenye egemeo huisha mapema na mabenchi ya nyuma yako chini ya spika, beba Biblia yako, kwani kijitabu kimenukuu mistari nusunusu, wazee wanaohitaji tafsiri ya Kigogo waketi mbele, upande wa kushoto. Chai ina tangawizi ya kutosha. Na kama kikao cha saba hakijaongezwa, uliza mapema sura ya 21 itafundishwa siku gani.