Printa ya leza katika ofisi ya Lamu: saa yake, taarifa zake, na mipangilio ambayo haifai kuachwa ilivyotoka kiwandani

Printa hii tuliinunua Mombasa miezi kumi na minne iliyopita kwa Sh48,500. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, ikavushwa kwa mashua, kisha hamali akaisukuma kwa mkokoteni hadi ofisini kwetu mtaa wa Mkomani. Ni printa ya leza ya wino mweusi peke yake, inachapa pande mbili, inanakili na kuskani, na imeunganishwa na mtandao wa ofisi kwa waya. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwa sababu mengi nitakayoyaeleza yanapatikana katika printa za kampuni nyingi, na baadhi ya makosa yalikuwa ya aliyeifunga. Kuhusu uchapaji sina malalamiko: herufi zinatoka safi, na karatasi hazikwami hata katika masika, wakati rimu nzima hulegea kwa unyevu wa hewa. Ninachotaka kukieleza ni sehemu mbili za mipangilio ambazo wanunuzi wengi hawazifungui kabisa, yaani saa ambayo printa huichukua mtandaoni, na taarifa ambazo printa hutoa kuhusu hali yake. Katika mji ambao katriji ya wino haipatikani duka la jirani, sehemu hizo ndizo zilizotuonyesha kama mashine hii ilistahili fedha tuliyoitoa.

Fundi aliyetumwa na muuzaji aliifunga kwa muda usiozidi saa moja. Aliiweka ichukue saa mtandaoni, na hapo alifanya vyema, lakini tofauti ya saa za eneo aliichagua kwenye kioo kidogo cha mashine, ambacho huorodhesha namba tupu bila jina la mji wowote. Badala ya +03:00, ambayo ni saa ya Kenya, Tanzania na Uganda, aliweka −03:00, ambayo ni saa ya Buenos Aires. Kati ya namba hizo mbili kuna saa sita kamili, na saa sita ndizo zinazotenganisha saa tunayoihesabu kwa Kiswahili na saa inayoandikwa na kompyuta. Matokeo yake ni kwamba saa nane na dakika arobaini mchana mashine iliandika 08:40, na saa tatu asubuhi ikaandika 03:00, na kila aliyepita mbele yake alisoma saa anayoijua akaona imepatia. Kosa lolote jingine lingeonekana siku ya kwanza. Hili lilikaa miezi miwili, kwa sababu lilizungumza lugha yetu.

Aliyeligundua ni wakili mmoja wa Malindi ambaye hupokea nakala zetu za mikataba kwa barua pepe. Printa hii huyapa mafaili iliyoyaskani majina ya tarehe na saa, na faili alilolipokea siku ile lilikuwa limeishia na 0840. Alinipigia simu. "Bwana, barua yenu imeingia kwangu saa nane mchana, na mteja mwasema alitia sahihi baada ya adhuhuri. Mbona faili laonyesha mkataba uliskaniwa saa mbili asubuhi? Nishike lipi?" Nilifungua kabrasha la skani zote za miezi miwili, nikakuta kila faili limerudi nyuma kwa saa sita, na yale machache tuliyoyaskani kabla ya alfajiri, tulipokuwa tukikimbizana na tarehe ya mwisho ya hati fulani, yalikuwa na tarehe ya siku iliyotangulia. Sisi tunashughulikia mauzo ya nyumba na viwanja. Mkataba kama ule ukifika mahakamani, saa sita zinatosha kumpa wakili wa upande wa pili neno la kushikilia siku nzima.

Marekebisho yenyewe ni mepesi mtu akijua mahali pa kuingia. Badala ya kioo cha mashine, andika anwani ya IP ya printa (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote ya ofisini, ingia kwa nenosiri la msimamizi (ambalo linafaa kubadilishwa siku ileile printa inapofungwa), kisha fungua ukurasa wa tarehe na saa. Hapo orodha ina majina ya miji, na Nairobi imo. Zima pia kipengele cha kusogeza saa wakati wa kiangazi, ambacho kwenye mashine yetu kilikuwa kimewashwa. Kenya haina desturi ya kubadili saa kwa majira, na kikiachwa kitaisogeza saa mbele siku ambayo nchi za Ulaya au Marekani zinasogeza zao. Baada ya kurekebisha, karani wetu alikuja kuniambia kwamba printa imeharibika saa, kwa kuwa ilikuwa saa tano na yeye aliona 11:00. Ilibidi nikae na kila mtu ofisini nimweleze, na naona maelezo hayo ni sehemu ya kazi ya kuifunga mashine, ambayo fundi hakuifanya.

Namna printa inavyopata saa inastahili kuelezwa kidogo. Itifaki inayotumika, yaani kanuni za mashine kuwasiliana, inaitwa NTP, kazi ya Mmarekani David Mills, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1985, na hupita kwenye mlango namba 123 wa UDP, mojawapo ya njia za kusafirisha data mtandaoni. Printa humwuliza seva saa ya dunia, yaani UTC, kisha hujumlisha yenyewe tofauti ya mahali ilipo. Ndiyo maana seva inaweza kuwa sahihi kabisa na printa ikakosea. Kwenye nafasi ya seva tuliandika ke.pool.ntp.org, tukaona neno la kushindwa kwa siku mbili nzima ingawa uchapaji uliendelea kama kawaida. Sababu ilikuwa kwamba fundi aliipa printa anwani ya IP ya kudumu bila kujaza anwani ya ruta wala ya seva ya majina, ambayo hugeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani za IP. Kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja na printa huifikia bila kupitia ruta, kwa hiyo hakuna aliyehisi upungufu wowote. Printa ilipotaka kutoka nje ya ofisi ndipo ilipokosa njia. Yeyote anayeona printa yake inachapa vizuri lakini haitumi barua pepe wala haipati saa, aanze kuangalia hapo.

Baadaye tuliacha kuielekeza printa kwenye intaneti moja kwa moja. Ruta yetu ina uwezo wa kutoa saa kwa vifaa vya ndani, nayo imechomekwa kwenye betri ya dharura, ilhali printa haifai kuchomekwa humo kwa sababu kikaangio chake cha kuyeyushia wino huvuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja kuliko betri ndogo inavyoweza kuhimili. Umeme ukikatika Lamu na kurudi, printa huwaka ikiwa imesahau saa kama ilikaa gizani muda mrefu, huiuliza ruta, na ndani ya dakika moja huwa imeshika saa yake. Hilo lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Printa inapotuma skani kwa barua pepe kwa njia iliyofungwa, hukagua cheti cha seva ya barua, yaani hati ya kidijitali inayoithibitisha seva hiyo, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Printa inayodhani bado tuko mwaka 2000 hukiona cheti hicho hakijaanza kutumika, hukataa kutuma, na kwenye kioo huandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na seva, bila kusema neno lolote kuhusu saa. Ujumbe huo ni udhaifu mkubwa wa mashine hii. Tulipoteza asubuhi nzima tukibadilisha nenosiri la barua pepe ambalo halikuwa na kosa.

Sehemu ya pili ni ya ufuatiliaji, na hapa printa ilinifurahisha. Itifaki yake ni SNMP, iliyoanza mwaka 1988, ambayo huiwezesha kompyuta moja kuiuliza printa, kupitia mlango namba 161, imechapa kurasa ngapi, wino umebaki kiasi gani, trei ina karatasi au haina, na kifuniko kimefungwa au kimeachwa wazi. Majibu yamepangwa kwa utaratibu mmoja uliokubaliwa kimataifa, kwa hiyo programu ileile huweza kusoma printa za kampuni tofauti. Sisi tunatumia Zabbix, programu ya kufuatilia vifaa vya mtandao ambayo haihitaji kulipiwa, kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa imewekwa stoo.

Lakini mipangilio ya kiwandani ya SNMP si ya kuachwa. Matoleo yake ya kwanza na 2c hayana nenosiri halisi. Yana neno la kupitia linalosafiri kwenye mtandao bila kufichwa, na neno hilo kiwandani ni "public" kwa karibu kila printa. Mashine yetu ilikuwa na neno la pili pia, la kuruhusu mtu kubadilisha mipangilio kwa mbali, nalo lilikuwa limewashwa. Wageni wanaokuja ofisini hupewa Wi-Fi, na Wi-Fi ile ilikuwa kwenye mtandao uleule wa printa. Tuliwatenga wageni, tukaizima ruhusa ya kuandika, na kwa ufuatiliaji tukahamia toleo la 3, ambalo lina jina la mtumiaji, nenosiri, na usimbaji. Printa hii inalikubali toleo la 3 kwa SHA (ya kuthibitisha) na AES (ya kusimba), na katika bei yake hilo ni jambo la kusifiwa.

Toleo la 2c tuliliacha kwa kusoma tu, tukabadilisha neno lake, na siku hiyohiyo kompyuta ya mapokezi ikaonyesha kwamba printa haipo hewani. Karani alituma kurasa na hazikutoka. Mashine ilikuwa nzima. Windows huiuliza printa hali yake kwa SNMP kabla ya kutuma kazi, ikitumia neno "public", na isipojibiwa huihesabu imezimwa. Dawa yake ni kufungua sifa za printa kwenye kompyuta, kuingia kwenye mipangilio ya mlango wa TCP/IP, na kuandika neno jipya au kuondoa alama kwenye kisanduku cha hali ya SNMP. Kazi hiyo lazima ifanywe kwenye kila kompyuta iliyounganishwa kwa njia hiyo, na kijitabu kilichokuja na printa hakikuitaja popote.

Faida tuliyoipata inaonekana kwenye wino. Katriji moja imekadiriwa kurasa 3,000, na sisi huchapa karibu kurasa 40 kwa siku. Tumeweka arifa itoke wino ukifika asilimia 20, yaani kurasa kama 600, ambazo kwetu ni siku kumi na tano za kazi. Katriji ikiagizwa Mombasa hutufikia ndani ya siku chache, na basi likichelewa bado tuna nafasi. Kabla ya hapo tulikuwa tukigundua wino umekwisha pale maandishi yalipofifia katikati ya mkataba, huku mteja ameketi anasubiri mashua ya kurudi. Nitahadharishe jambo moja: tulipojaribu katriji ya bei nafuu isiyo ya kampuni iliyotengeneza printa, asilimia zilitoweka na programu ikaanza kupokea −3. Kwa utaratibu wa printa, namba hiyo maana yake ni kwamba wino upo lakini kiasi chake hakijulikani, na −2 ni kwamba haijulikani kabisa. Kwa ofisi ya Mombasa hasara hiyo ni ndogo. Kwa ofisi ya Lamu, nafuu ya bei haikutosha kufidia kupoteza onyo, tukarudi kwenye katriji halisi.

Lipo pia dogo la kurekebisha: tulipoiuliza printa kila dakika, haikulala, na usiku kucha taa yake ilikuwa ikiwaka. Sasa tunaiuliza kila baada ya dakika kumi na tano.

Ningeinunua tena. Nimeipa nyota nne, na ya tano nimeizuia kwa sababu ya kile kioo kinachoorodhesha saa za dunia bila majina ya miji, na kwa ule ujumbe wa barua pepe unaoficha kosa la saa. Anayeinunua amwambie fundi asiondoke kabla ya kuskani ukurasa mmoja mchana, kisha wasome pamoja jina la faili: ikiwa ni saa nane na faili limeandikwa 08, bado hajamaliza kazi.